Tusiwanyamazishe Watoto Wetu

 Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia kanisani, wala kulitaja mezani wakati wa chakula. Ni habari ya watoto wanaodhulumiwa, na watoto wanaoachwa bila kutunzwa, tena katika nyumba zetu wenyewe. Huenda mtu akasema, "Hilo ni jambo la serikali na polisi. Sisi tumefungua redio tupate neno la Mungu." Lakini neno la Mungu halikulificha jambo hili, nasi hatuna ruhusa ya kulificha.

Tufungue Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 13. Hapo twasoma habari za Tamari, binti wa mfalme Daudi. Amnoni, ndugu yake kwa baba, alimtamani. Yonadabu, rafiki yake, akamfundisha hila: ajifanye mgonjwa, na baba akija kumtazama, aombe Tamari aletwe ampikie chakula. Daudi hakujua lolote, akamtuma binti yake. Amnoni akawaondoa watu wote chumbani, akamkamata. Tamari alikataa, akamsihi, akamwonya, lakini hakusikilizwa. Akatoka akilia, amelirarua vazi lake na kujitia majivu kichwani.

Tuangalie mambo matatu hapa. La kwanza, aliyemdhuru Tamari hakuwa mgeni wala mnyang'anyi wa njiani. Alikuwa mtu wa jamaa ile ile, na baba mwenyewe ndiye aliyempeleka binti kwake pasipo kujua. Wahenga walinena kweli: kikulacho ki nguoni mwako. La pili, Tamari hakulificha jambo lile. Alilia hadharani. Lakini ndugu yake Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyetenda ni ndugu yake. La tatu, Daudi alipopata habari alikasirika sana, na mambo yakaishia hapo. Hatusomi kwamba alimwita Amnoni amhukumu, wala kwamba alikwenda kumtazama binti yake. Hasira ilikuwapo, tendo halikuwapo. Tamari akakaa na huzuni yake katika nyumba ya Absalomu. Baada ya miaka miwili Absalomu akamwua Amnoni, na baadaye nchi nzima ikaingia vitani. Jambo lililofunikwa chumbani lilitokea uwanjani likiwa na panga.

Ndugu wapenzi, hadithi hii si ya zamani tu. Hapa Kenya, mwaka 2010, ulifanywa uchunguzi mkubwa wa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 24, wakaulizwa yaliyowapata walipokuwa watoto. Katika kila wasichana 100, wapatao 32 walisema walitendewa ubaya wa kingono wa namna fulani, au walijaribiwa kutendewa, kabla ya kutimiza miaka 18. Katika wavulana 100, walikuwa 18. Ndiyo, na wavulana pia. Mzazi asidhani kwamba hatari hii ni ya binti peke yake. Waliopigwa na kuumizwa walikuwa wengi zaidi: wasichana 66 na wavulana 73 katika kila 100. Uchunguzi kama huo uliporudiwa mwaka 2019, hesabu zilikuwa zimeshuka: waliotendewa ule ubaya wa kwanza walikuwa wasichana wapatao 16 na wavulana 6 katika kila 100. Twamshukuru Mungu, kwa maana twaona kwamba jambo hili laweza kupunguzwa. Lakini hata sasa, fikirini darasa moja la Sunday School lenye wasichana 30. Hesabu hiyo ni sawa na wanne au watano kati yao.

Na ni nani anayewadhuru? Mara nyingi ni mtu anayefahamika: jirani, jamaa, rafiki wa nyumbani, kijana wa mtaa, mtu aliyeaminiwa. Sisi wazazi huwaonya watoto wasipokee peremende kwa mtu wasiyemjua, na ni vema. Lakini onyo hilo halimsaidii mtoto ambaye adui yake anaitwa mjomba, na hukaribishwa chai kila Jumapili.

Tuseme yuko mtoto wa miaka 9 anayemwambia mama yake, "Mama, sitaki kwenda kwa mjomba wakati wa likizo." Mama amechoka, ametoka sokoni. Anajibu, "Nyamaza! Mjomba ndiye anayekulipia karo. Huna adabu." Mtoto ananyamaza. Hatasema tena, pengine mpaka awe mtu mzima, pengine asiseme kamwe. Yule mama hakukusudia mabaya. Alitaka kumfundisha mtoto shukrani na heshima. Lakini mlango uliokuwa umefunguka kidogo umefungwa, na yule anayemdhuru mtoto hahitaji kufuli nyingine. Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: kinga ya kwanza ya mtoto ni mzazi anayesikiliza, kisha akatenda.

Mzazi afanyeje basi? Kwanza, atenge wakati wa kuzungumza na mtoto wake kila siku. Haihitaji fedha. Ni wakati wa kuchambua sukuma wiki, au wa kutembea pamoja kwenda kuteka maji, au kabla ya sala ya usiku. Usimwulize habari za masomo tu. Mwulize, "Leo ni nini kilichokufurahisha? Ni nini kilichokuogopesha?" Mtoto aliyezoea kusema madogo, siku ya kubwa atajua njia ya kulisema. Na akisema, usimkemee wala usimcheke.

Tena tujifunze kusoma yale ambayo mtoto hawezi kuyasema. Mtoto aliyekuwa mchangamfu anakuwa mkimya ghafula. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anamwogopa mtu fulani, au anakataa kwenda mahali fulani. Ana maumivu anapokwenda haja, au anaketi kwa shida. Ana vitu na fedha ambazo hukumpa. Anashindwa masomo aliyokuwa akiyaweza. Dalili moja pekee haithibitishi kwamba ameumizwa, lakini yatosha kutufanya tuketi naye na kumwuliza kwa upole.

Pili, tumfundishe mtoto habari za mwili wake. Wengine huona haya. Lakini Mungu aliuumba mwili wote, akaona kwamba ni mwema. Mtoto ajue majina ya viungo vyake, ajue kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani si za kuchezewa na mtu yeyote, na kwamba akiguswa vibaya ana ruhusa ya kukataa, kupiga kelele, kukimbia na kusema. Tena ajue kwamba mtu mzima akimwambia, "Hii iwe siri yetu, usimwambie mama," hiyo ndiyo siri ya kumwambia mama mara moja. Na mtoto asipotaka kumkumbatia mgeni au kupakatwa naye, tusimlazimishe. Amkie kwa heshima, yatosha. Hatuwezi kumfundisha kwamba mwili wake una heshima, kisha tukamsukuma mikononi mwa kila ajaye.

Tatu, tujue mtoto yuko na nani. Yaya anayemlea twamfahamu? Mwalimu wa tuisheni humfundisha mahali gani, mlango ukiwa wazi au umefungwa? Mwendesha bodaboda anayempeleka shule, jina lake twalijua? Watoto wakubwa wakilala na wadogo chumba kimoja, tumetazama wanavyolala? Wageni wanapofika, watoto hulala wapi? Na simu je? Siku hizi mtu asiyeonekana aweza kuingia chumbani mwa mtoto kwa njia ya simu, akajifanya rafiki, akaomba picha, kisha akamtisha kwa picha hizo. Afadhali simu ilale chumbani mwa wazazi usiku, na mtoto ajue kwamba akitishwa hatapigwa kwa kusema.

Tuwaangalie hasa watoto wenye ulemavu. Wengine hufungiwa nyumbani kwa sababu ya aibu, na wengine hawawezi kusema yaliyowapata. Mtoto asiyeweza kusema anahitaji mzazi mwenye macho mara mbili.

Kanuni hii ianzie kanisani. Watoto wa Sunday School wafundishwe na watu wazima wawili, mlango ukiwa wazi. Mtoto asiitwe peke yake katika chumba cha ndani, hata kwa maombi. Mtu awaye yote, awe mwalimu wa Sunday School, awe mzee wa kanisa, awe kasisi, asiwe juu ya kanuni hii. Mchungaji mwema haoni uchungu kondoo wakihesabiwa.

Nne, tuitazame mikono yetu wenyewe. Si kila mtoto anayeumia huumizwa na mwingine. Katika habari za kupigwa, wazazi ni miongoni mwa wanaotajwa sana. Wengine watauliza, "Je, Mithali haisemi habari za fimbo?" Yasema. Lakini fimbo ya mchungaji katika Zaburi ya 23 ni faraja kwa kondoo, wala si tisho. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai, aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao mpaka wakate tamaa. Kuna kurudi, na kuna kulipiza kisasi. Mzazi anayepiga kwa sababu mwenye nyumba amedai kodi, au kwa sababu amelewa, au kwa sababu amegombana na mwenzake, hamrudi mtoto. Anajiridhisha hasira yake. Katika shule zetu kiboko kilipigwa marufuku mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili wa kila namna, na adhabu isiyo ya kiutu.

Je, mtoto asirudiwe? La, hasha. Aliyelelewa bila mpaka naye ametelekezwa. Lakini amri iwe fupi, ieleweke, na adhabu ilingane na kosa: aliyevunja kikombe azoe vipande na kuosha vyombo vya jioni, aliyechelewa kurudi asiende kucheza kesho. Na hasira ikipanda, mzazi atoke nje, anawe uso, ahesabu pumzi zake, kisha arudi. Mtoto mchanga anayelia sana usimtikise kamwe. Shingo yake haina nguvu, na ubongo wake ni laini. Kutikiswa kwa nguvu kwaweza kumletea upofu, ulemavu au kifo. Mlaze mahali salama, toka nje dakika chache, umwite jirani akusaidie. Ulimi nao uangaliwe. Mtoto anayeambiwa kila siku "Wewe mjinga, heri nisingekuzaa," jeraha lake halina damu, lakini huchukua miaka mingi kupona.

Tano, tusiwatelekeze. Hapa tutofautishe mambo. Umaskini si dhambi. Mama anayegawa ugali mdogo alio nao, akalala njaa ili watoto wale, huyo hakutelekeza. Kutelekeza ni kuwa na uwezo au msaada karibu, tusiutumie: kuacha chanjo, kutompeleka mtoto mgonjwa zahanati, kumtoa shule akachunge au akafanye kazi za watu, kuitumia fedha ya maziwa katika pombe. Ni baba aliyehamia mji mwingine, asiyetuma hata salamu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaweka wajibu wa malezi juu ya baba na mama wote wawili, hata kama hawakuoana. Basi asiwepo baba wa kusema, "Watoto ni kazi ya mama yao."

Tena wapo wazazi wanaowafungia watoto nyumbani wakaenda kazini, kwa kukosa mahali pa kuwaacha. Twaijua shida yao. Lakini jiko la makaa, taa ya mafuta, na hata beseni la maji vyatosha kumwua mtoto mdogo, na mlango uliofungwa kwa nje hauwezi kufunguliwa na mtoto wa miaka 4. Hapa ushirika usaidie. Akina mama wanne wa mtaa mmoja waweza kupeana zamu: kila siku mmoja abaki na watoto wa wote. Hiyo nayo ni huduma, sawasawa na kuimba katika kwaya.

Sasa twafika mahali pagumu. Itakuwaje ikiwa mtoto amekwisha kudhuriwa? Kwanza, mwamini. Mwambie, "Umefanya vema kuniambia. Kosa si lako." Usimhoji mara kumi, wala usimlete mbele ya jamaa yote aeleze. Usimwendee mshtakiwa kugombana naye. Atapata nafasi ya kukimbia au kumtisha mtoto. Ikiwa mtoto amenajisiwa, usimwoshe wala usifue nguo zake, ingawa moyo wa mzazi wataka kumsafisha. Nguo ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zipelekwe pamoja naye. Mfikishe hospitalini upesi, siku ile ile. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopita hupunguza nguvu zake. Hata kama saa hizo zimepita, bado mpeleke, maana yako matibabu mengine na mashauri anayoyahitaji.

Kisha, toa habari kituo cha polisi, upewe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Fomu hiyo haiuzwi. Mwendee pia afisa wa watoto au chifu. Na iko nambari ya simu ya kuwasaidia watoto, 116, ambayo haitozwi malipo. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga, mzazi aweza, na jirani aliyesikia kilio usiku aweza. Tuwafundishe watoto nambari hiyo kama tunavyowafundisha Sala ya Bwana.

Lakini mara nyingi ni hapo ndipo wazee hujitokeza. "Tusiaibishe jamaa. Tulizungumze hapa nyumbani. Atatoa mbuzi, atalipa hospitali, yaishe." Ndugu wapenzi, hayaishi. Mbuzi huliwa na wazee, na mtoto hubaki akikutana njiani na yule aliyemdhuru. Sheria ya mwaka 2006 juu ya makosa haya iliweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, na kifungo kisichopungua miaka 20 kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15. Jambo ambalo sheria ya nchi imeliona kuwa zito hivyo, haliwezi kumalizwa kwa mbuzi chini ya mwembe. Wala kanisa lisijifanye mahakama ya siri. Mkosaji aweza kutubu, na Mungu aweza kumsamehe. Lakini toba ya kweli haikimbii hukumu, wala haimwombi mtoto alipe gharama kwa kunyamaza. Maradhi yakifichwa, kilio huyafichua.

Wasikilizaji wapenzi, tulianza na baba aliyekasirika akakaa. Tumtazame na baba mwingine. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 2, Yusufu alionywa katika ndoto kwamba Herode anamtafuta mtoto ili amwangamize. Hakusema, "Herode ni mfalme, watu watasemaje?" Hakusema, "Tungoje asubuhi." Aliondoka usiku ule ule, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri. Aliacha kazi yake, nyumba yake na jamaa zake, ili mtoto aishi. Na mtoto huyo hakuwa wa mwili wake. Daudi alikuwa mfalme mwenye askari, na Yusufu alikuwa seremala maskini. Lakini aliyemlinda mtoto ni yule seremala.

Tunapowaleta watoto kubatizwa, wazazi na wasimamizi husimama mbele ya kanisa wakaahidi kuwalea. Ahadi ile haikuwa ya siku moja ya nguo nyeupe na chakula. Basi usiku huu, kabla ya kulala, mwite mtoto wako, au mjukuu wako, au mtoto wa ndugu yako unayemlea. Keti naye. Mwambie, "Mtu yeyote akikuumiza, hata kama ni mtu ninayempenda, niambie. Nitakuamini." Maneno hayo ni machache, lakini mtoto atayashika.

Tuombe. Ee Baba wa mbinguni, uliyemkabidhi Mwanao mikononi mwa Yusufu na Mariamu akiwa mchanga, twawaweka mbele zako watoto wa nyumba zetu, wa mitaa yetu, na wale wasio na wa kuwatetea. Wafariji walioumizwa. Utupe masikio ya kusikia kilio chao, hata kikiwa kidogo, na miguu ya kuondoka usiku ule ule. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.